Nyumba Ile Ile, Mpangaji Mwengine: Kisasi cha Matajiri katika The Last Mrs. Parrish



Najua baadhi yenu mtanishangaa. Mtu mzima aliyekula miaka yake kwenye tenzi na riwaya za Kiswahili, leo anakuja na kitabu cha kuuzwa viwanja vya ndege! Lakini naomba mnivumilie. Vitabu hivi ndivyo wanavyosoma wanafunzi wetu, na tusidanganyane, ndivyo wanavyosoma hata wake zetu na dada zetu huku ughaibuni usiku watoto wakishalala. Kitabu kinachosomwa na watu wengi kiasi hicho kinafundisha kitu, na wajibu wa mhakiki ni kuuliza kinafundisha nini. Hiki nnachotaka kukizungumza kimenisumbua, na kimenisumbua zaidi kwa sababu kimeandikwa vizuri.

Kitabu chenyewe ni The Last Mrs. Parrish, kilichotoka Marekani mwaka 2017. Jina la mwandishi lililo juu ya jalada ni Liv Constantine, lakini mtu huyo hayupo. Ni jina la kupanga la ndugu wawili wa kike, Lynne na Valerie Constantine, wanaoandika pamoja. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo mwigizaji Reese Witherspoon alikiteua katika klabu yake ya vitabu, na toka hapo kikaenda mbio. Mwaka 2024 ndugu hao walitoa mwendelezo wake, The Next Mrs. Parrish. Mimi leo nakizungumza cha kwanza tu, kwa sababu ndicho chenye kisa kamili.

Tahadhari kabla sijaendelea: nitausema mwisho wa hadithi. Riwaya ya taharuki haiwezi kuhakikiwa kwa kufichwa mwisho wake, kwani mwishoni ndipo mwandishi anapotoa hukumu. Asiyetaka kuharibiwa ladha, akisome kwanza kisha arudi.

Kisa kinatokea Bishops Harbor, mji wa kubuni wa matajiri katika jimbo la Connecticut, kando ya bahari. Amber Patterson ni msichana masikini, mfanyakazi wa kawaida wa ofisini, anayeishi pembezoni mwa utajiri ule akiutazama kama mtoto anavyotazama halua iliyo nyuma ya kioo. Anamtaka Jackson Parrish, tajiri wa biashara za majumba na ardhi. Njia ya kumfikia ni mkewe, Daphne. Amber amefanya utafiti wake. Anajua kwamba Daphne alifiwa na mdogo wake Julie kwa maradhi ya kurithi yanayoharibu mapafu, na kwamba ameanzisha taasisi ya hisani kwa jina la marehemu. Basi Amber anajikutanisha naye jimu, kashika gazeti linalohusu maradhi yale yale, anazua uongo kwamba na yeye alifiwa na dada kwa ugonjwa huo huo. Machozi mawili matatu, na mlango umefunguka.

Kuanzia hapo tunaliona jambo ambalo wahenga walishalisema, kikulacho ki nguoni mwako. Amber anakuwa shoga wa Daphne, anaingia kamati ya hisani, anawazoea watoto wawili, Tallulah na Bella, anapata kazi katika kampuni ya Jackson, anamwondoa katibu wa siku nyingi kwa hila, na mwisho anaingia kitandani mwa bosi wake. Jackson ana kiu ya mtoto wa kiume, mkewe hakumpatia. Amber anabeba mimba, tena ya mtoto wa kiume. Daphne anaachwa, Amber anaolewa. Tamaa imeshinda, au ndivyo tunavyodhani.

Kumbe wapi! Nusu ya pili ya kitabu anapewa Daphne aseme, na hapo ndipo tunapopinduliwa chini juu. Jackson, yule mume mstaarabu tuliyemwona kwa macho ya Amber, ni jitu katili. Anampimia mkewe uzito na kumlazimisha auandike kila siku. Anamdhalilisha chumbani. Alipojaribu kuondoka, alimfanyia njama akaonekana mwendawazimu, akatiwa hospitali ya wagonjwa wa akili huku mtoto wake mchanga akinyang'anywa. Kila mlango anaougusa Daphne, Jackson keshaufunga zamani kwa fedha. Na siku anapogundua kwamba shoga yake ni mwongo, kwamba hata jina la Amber Patterson ni la msichana mwengine aliyepotea na kwamba mwenyewe khasa anaitwa Lana Crump, Daphne haendi kulia kwa mtu. Anaona mlango. Anamwachia Amber amchukue mume. Anampangia, anamrahisishia, anamsogezea. Mwisho Daphne anatoka na watoto wake akiwa huru, na Amber anabaki na ndoa ile na yote yaliyomo ndani yake.

Hicho ndicho kisa. Na mimi nakiri kwamba kimefumwa kwa ustadi. Hebu tuuangalie kidogo ufumaji wenyewe kabla ya kuingia kwenye ugomvi wangu nao.

La kwanza ni kwamba waandishi wametumia mazoea yetu wasomaji dhidi yetu. Sote tunaijua hadithi ya hawara mwerevu na mke mjinga. Tumeisoma, tumeiona kwenye filamu za Kihindi, tumeisikia kwenye mipasho ya taarab. Kwa hiyo nusu ya kwanza tunajiona tunajua zaidi kuliko Daphne, na tunamhurumia kwa ile huruma yenye dharau ndani yake. Nusu ya pili inatufahamisha kwamba alokuwa hajui ni sisi na Amber. Matukio yale yale, chakula kile kile, safari ile ile, yanasimuliwa upya na kila kimoja kinageuka maana. Tabasamu la Daphne tulilolisoma kuwa ni upole lilikuwa ni hesabu. Hata jina lake si la bure, nadhani: msomaji wa riwaya za Kiingereza hawezi kulisikia jina Daphne katika kisa cha mke wa pili na nyumba kubwa asimkumbuke Daphne du Maurier na Rebecca yake ya mwaka 1938.

La pili ni suala la nafsi, na hili naomba tulitie maanani. Amber anasimuliwa katika nafsi ya tatu. Daphne anajisimulia mwenyewe katika nafsi ya kwanza. Yaani yule masikini ni "yeye", na mke wa tajiri ni "mimi". Tunaambiwa kila anachowaza Amber, tena mawazo mabaya, ya husuda na kebehi, lakini hapewi kauli. Daphne yeye anatueleza kwa ulimi wake, anatuomba tumwelewe, na tunamwelewa. Sisemi kwamba waandishi walikaa chini wakapanga kumnyima masikini sauti. Nasema kwamba uamuzi huo wa kisanaa, uwe wa makusudi au usiwe, unafanya kazi kubwa pale mwisho unapokuja, kama ntavyoonyesha.

La tatu, na hapa nawasifu kwa dhati: kitabu kinaonyesha vizuri mno jinsi utajiri unavyoyafanya mateso yasisikike. Watu wengi hudhani mke wa tajiri ana njia zaidi za kutoka. Kitabu kinasema sivyo. Mke wa masikini akipigwa, jirani husikia, ukuta mwembamba. Nyumba ya Parrish iko mbali na jirani, ina bustani na lango. Watumishi wanalipwa na mume. Wanasheria ni wa mume. Daktari anamwamini mume kwa sababu mume ni mtu mstaarabu anayetoa sadaka. Na taasisi ya hisani anayoipenda Daphne kama roho ya marehemu mdogo wake, nayo inakula kwa mkono huo huo wa mume. Hivyo hata wema wa Daphne umekuwa mnyororo. Na tusisahau kwamba Daphne mwenyewe hakuzaliwa katika mali. Mama yake ni mtu wa hali ya kawaida, anayeendesha nyumba ya wageni katika jimbo la New Hampshire. Kwa hiyo na Daphne aliingia nyumba ile kutoka nje, kama Amber. Wote wawili ni wapangaji. Mwenye nyumba ni mmoja.

Sasa ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Kitabu kinatutaka tushangilie mwisho wake, na wasomaji wengi wanashangilia. Lakini tukiuangalia mwisho huo bila ya kelele za makofi, nini kimetokea? Mwanamme anayetesa wanawake amepewa mwanamke mwengine wa kumtesa. Basi. Mateso hayajakoma, yamehamishwa. Katika nyumba ile kulikuwa na nafasi moja, nafasi ya Bibi Parrish, na nafasi hiyo ilikuwa ni jela. Daphne ametoka jela kwa kumtia mtu mwengine badala yake. Na aliyetiwa ni yule aliyekuwa chini yake kimali, asiye na jamaa, asiye na jina lake mwenyewe, asiyeweza hata kwenda polisi kwa sababu naye anatafutwa. Kama ungetaka kumchagulia Jackson mke asiyeweza kutoroka maisha, usingepata bora kuliko huyu. Daphne analijua hilo. Ndiyo maana amemchagua.

Na kwa nini sisi wasomaji hatuoni uchungu? Kwa sababu waandishi wametutayarisha. Amber amebebeshwa kila dhambi. Ni mwongo, ni mhasidi, kaiba jina la mtu aliyepotea, kamwacha mtoto wake mwenyewe. Na lililo zito kuliko yote, huko alikotoka alimsingizia kijana wa kitajiri kwamba kambaka, na kijana akafungwa bila ya kosa. Jamani, hebu tusimame hapo kidogo. Kitabu kizima kinatuomba tumwamini mwanamke anayesema mume wangu ananitesa ndani ya nyumba na hakuna anayeniamini. Ni ombi la haki, na mimi naliunga mkono. Lakini kitabu hicho hicho kinahitaji msichana masikini awe amesema uongo juu ya jambo la aina hiyo hiyo. Mke wa tajiri akilalamika, ni kweli. Binti wa masikini akilalamika, ni hila za kutafuta mali. Uzani mbili katika mizani moja! Simtetei Amber kwa alilolifanya. Namuuliza aliyemuumba kwa nini alimhitaji awe hivyo. Jibu nnaloliona ni kwamba bila ya dhambi hizo tusingeweza kumwangalia akifungiwa na jitu lile huku tunatabasamu.

Hapa najua atainuka mtu, na pengine atakuwa mmoja wa dada zetu, aniulize: we bwana, mwanamke aliyeteswa miaka yote hiyo, mahakama haimsikii, hospitali haimsikii, ulitaka afanye nini? Afe? Ni swali zuri na halina jibu jepesi. Mtu anayezama hushika chochote. Wala simlaumu Daphne kama mtu. Angekuwa jirani yangu ningemsaidia kupakia mizigo usiku. Lakini Daphne si jirani yangu, ni mhusika, na aliyempa mlango mmoja tu wa kutokea ni mwandishi. Kuna tofauti kati ya kuonyesha kwamba mtu alilazimika kumsukuma mwenziwe shimoni ili atoke, na kutaka tushangilie msukumo. Lile la kwanza ni msiba. La pili ni mchezo wa kuigiza haki. Kitabu kingemwacha Daphne, huko alikokwenda, akakosa usingizi usiku mmoja tu kwa ajili ya yule aliyemwacha nyuma, na zaidi kwa ajili ya mtoto mchanga asiye na kosa anayekulia katika nyumba ile, mimi nisingekuwa na la kusema. Lakini kitabu hakitaki kukosa usingizi.

Mbinu hii ya badala si ngeni, na wanaosomesha Shakespeare watakuwa wameshaikumbuka. Katika Measure for Measure, hakimu Angelo anamwambia Isabella kwamba hatamwokoa kaka yake Claudio na kifo mpaka ampe mwili wake. Suluhisho linalotumika ni kumpeleka kitandani, gizani, mwanamke mwengine, Mariana, badala ya Isabella. Angelo hajui. Lakini tuangalie masharti yake. Mariana anajua anachokifanya na amekubali. Tena huyo Angelo alikuwa mchumba wake aliyemkimbia, na yeye bado anamtaka. Hata hivyo wahakiki wa Kiingereza wamebishana miaka na miaka iwapo hila ile ni halali. Amber ni Mariana asiyejua. Hakuulizwa, hakuambiwa, na giza halikuwa kwa mume, lilikuwa kwake yeye.

Nimeutaja mchezo huo pia kwa sababu mwenzetu mmoja ameshaujibu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, ana riwaya inayoitwa Gravel Heart, iliyotoka mwaka 2017, mwaka ule ule wa kitabu cha akina Constantine. Jina lake limetoka katika mchezo huo wa Shakespeare. Humo Amir, kijana wa Kizanzibari, anakamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na Asha, binti wa wakubwa. Kaka yake Asha, Hakim, ana cheo na ana nguvu. Dada yake Amir, Saida, mke wa mtu na mama wa mtoto, anakwenda kuomba. Na Hakim anataja bei. Kwa maana nyengine ni kisasi: umeniharibia dada yangu, na mimi namtaka dada yako. Saida hana Mariana wa kumpeleka. Anakwenda mwenyewe. Mumewe, Masud, anahama nyumba kimya kimya na kwenda kuishi chumba cha nyuma cha duka, na mtoto wao, Salim, anakua bila ya kujua kwa nini baba kaondoka. Amir, aliyesababisha yote, anaoa binti yule yule, anakuwa mwanadiplomasia, anakaa nyumba nzuri London.

Taharuki ya Gurnah ni kubwa vile vile. Siri ya nyumba tunaifichwa mpaka karibu na mwisho, siku ambayo baba anakaa na mwanawe akasimulia. Lakini siri inapofunuka hatupigi makofi. Tunaona hesabu yote: nani alikosa, nani alilipa, na kwamba hawa wawili si mtu mmoja. Kule Connecticut siri inapofunuka ni ushindi. Kwa Gurnah, siri inapofunuka tunajua tu kwa nini moyo uligeuka changarawe.

Na kama mtu ataniambia namlinganisha mwandishi wa biashara na mshindi wa Nobel, si haki, basi nitarudi kwenye riwaya ambayo wengi wetu tuliisoma au kuisomesha skuli, tena ina kila kitu kinachotakiwa katika taharuki ya nyumbani: tajiri, mke aliyefungiwa, usaliti, mtego na kisasi. Nakusudia Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Bwana Maksuudi ni mtu wa mali na mtu wa siasa, anayeheshimiwa barazani na kuogopwa ndani. Mkewe Tamima na bintiye Maimuna wamefungiwa majumbani. Jackson Parrish angemtambua Maksuudi mara moja, wangepeana mikono. Farashuu ana kisa naye, kwani binti yake Mwanasururu aliolewa na Maksuudi, akanyang'anywa mali yake, akaachwa. Mtego unatengenezwa kupitia kwa Kazija, anayewavuta baba na mwana, Maksuudi na Mussa, mpaka wakakutana uso kwa uso nyumbani kwake. Nani atasema kwamba hiyo si taharuki? Nimewahi kuona wanafunzi wakicheka kwa furaha wanapofika hapo. Mzee kaumbuka!

Lakini Said Ahmed Mohamed hakuwaacha wacheke kwa muda mrefu. Nyumba ya Maksuudi inapotikisika, Tamima ndiye anayepigwa na kupewa talaka. Maimuna, msichana asiyejua hata njia ya sokoni, anajikuta katika dunia ya danguro na pombe. Kisasi kililengwa kwa mwenye nyumba, lakini waliokuwa karibu na mlango ndio walioangukiwa na ukuta. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Maksuudi naye anakuja kuporomoka, ndiyo, lakini kitabu hakikukaa kumngojea yeye. Sehemu kubwa ya riwaya inamfuata Maimuna, hatua kwa hatua, huko alikotupwa. Yaani pale ambapo The Last Mrs. Parrish inafunga mlango na kusema hadithi imekwisha, ndipo Utengano inapofungua mlango na kuuliza: haya, na huyu je?

Kwangu mimi, hii ndiyo tofauti kubwa kati ya vitabu hivi. Hadithi zote mbili zinajua kwamba kisasi cha nyumbani hulipwa na mtu mwengine. Moja inalificha jambo hilo kwa kumfanya huyo mtu mwengine asistahili huruma. Moja inalifuata mpaka mwisho. Na kulifuata hakukuipunguzia Utengano taharuki hata chembe, kwa hiyo isisemwe kwamba ladha ya hadithi ndiyo iliyowalazimisha akina Constantine.

Niseme kidogo na kuhusu lugha, kwani sisi kazi yetu ni lugha. Nimejaribu kulitia jina la kitabu katika Kiswahili na nimeona ugumu wake. Neno lile la Kiingereza lililo mbele ya jina la Parrish ni cheo cha mwanamke aliyeolewa, na kinameza jina lake la kuzaliwa na la baba yake pia. Kwetu mwanamke akiolewa hubaki binti fulani. Tamima ni Tamima. Kwa hiyo katika Kiingereza mtu anaweza kusema "Bibi Parrish" akakusudia kiti, si mtu, na wanawake wakabadilishana kukikalia. Kitabu kizima kimesimama juu ya uwezekano huo. Kwa upande mwengine, Kiswahili kina maneno yake ya jambo hili. Tuna mke mwenza, tuna ukewenza, neno linalokiri kwamba wanawake wawili waliofungwa kwa mume mmoja nao wana uhusiano baina yao, hata ukiwa wa ugomvi. Na siku hizi hawara tunamwita nyumba ndogo. Amber hakutaka nyumba ndogo, alitaka nyumba kubwa, na hakuna katika lugha yake aliyemwambia kwamba yeye na Daphne wana jambo la kuzungumza. Ukilisoma kisa hiki kwa Kiswahili kichwani, swali linakujia lenyewe: hawa wake wenza wangezungumza jioni moja, kweli mmoja kumwambia mwenziwe, kimbia, mtu huyu muuaji, Jackson angebaki na nani?

Kitabu hakiwezi kuliuliza swali hilo kwa sababu kingekwisha. Kinahitaji wanawake wawili waviziane ili mwanamme apumzike katikati. Na mnajua, baada ya kurasa zote zile, yeye ndiye nnayemjua kidogo kuliko wote. Kwa nini Jackson yuko hivyo? Nani alimlea? Nani alinyamaza? Wake wanabadilika, mwenye nyumba ni kama hali ya hewa, hana maelezo.

Je, kisomwe? Mimi nasema kisomwe. Kina mafunzo ya ufundi kwa yeyote anayetaka kuandika taharuki kwa Kiswahili, khasa ile namna ya kulisimulia jambo moja mara mbili likageuka. Waandishi wetu chipukizi wanaweza kufaidika nayo sana. Lakini kisomwe pamoja na Utengano, kwa mpango huo: kwanza kile, kisha hii. Anayesomesha kozi ya riwaya linganishi ajaribu, aone wanafunzi wake watakavyobishana kuhusu Amber baada ya kukutana na Maimuna.

Mimi nimebaki na swali moja ambalo sijalimaliza, nalileta kwenu. Farashuu alijua, alipoutega mtego wake, kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na Tamima na Maimuna. Je, tunamsamehe kwa sababu yeye ni mama aliyefiwa na ni masikini, lakini tunamhukumu Daphne kwa sababu amevaa lulu? Kama ndivyo, basi na sisi tuna uzani mbili. Nasubiri kusikia kutoka kwa wenye kuijua riwaya hiyo vizuri, khasa waliyoisomesha Kenya na Visiwani.